Mwanangu anatimiza miaka 5, na wifi anataka nipike karamu

Shangazi, shikamoo.

Mwanangu wa kwanza anatimiza miaka 5 Jumamosi ya wiki ijayo, na kwa mara ya kwanza nimekubali kumfanyia sherehe ya kuzaliwa nyumbani. Miaka yote tulikuwa tunakata keki wenyewe, mimi na baba yake, tunaimba, yanaisha. Safari hii ana marafiki, na alishawaalika kabla hata sijasema ndiyo. Nikihesabu wenzake wa shule, watoto wa majirani na wa ndugu wanafika 18. Wadogo wana miaka 3, wakubwa 8. Nimewaambia waje saa 9 alasiri.

Shida yangu ni chakula. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ameniambia waziwazi kwamba watu hawaitwi nyumbani wakaja kula biskuti. Anataka nipike wali, mchuzi, kuku wa kukaanga na saladi, na anasema nisipofanya hivyo nitamwaibisha kaka yake. Namheshimu sana, alinipokea vizuri nilipoolewa, na sitaki tukosane. Lakini niko kazini hadi Ijumaa jioni, jiko langu ni la sehemu mbili na oveni ndogo, na friji si kubwa. Halafu majuzi tulialikwa kwenye sherehe kama hii. Mama wa watu alikuwa jikoni mwanzo mwisho, hakumwona hata mwanawe akizima mishumaa, na chakula kilirudi karibu chote. Watoto walikula keki, wakanywa soda, wakarudi kucheza.

Kuna jingine. Rafiki mkubwa wa mwanangu ana aleji ya karanga, na mama yake ameniambia ni kali. Niliogopa mpaka nikafikiria kutomwalika, kisha nikaona haya. Na mwanangu mwenyewe hataki kusikia habari za juisi, anataka soda nyekundu. Mwenzangu mmoja kazini anasema nikiwapa soda na keki kwa pamoja watapandwa na wazimu, nyumba haitakalika.

Naomba unielekeze niandae nini, kiasi gani, na kipi ninaweza kukifanya Ijumaa usiku ili Jumamosi nami niwe na mwanangu.

Mama wa Kifungua Mimba

*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kulea.

Nianze na saa uliyopanga, kwa sababu hapo ndipo mzigo wako unapopungua. Saa 9 alasiri mtoto ameshakula chakula cha mchana, na cha jioni bado kiko mbali. Anayekuja saa hiyo anatafuta kucheza, keki na kitu cha kutafuna. Ungewaita saa 7 mchana ningesimama upande wa wifi yako, maana mgeni aliyeitwa wakati wa kula sharti ale. Basi watumie wazazi ujumbe, kwa maneno hayahaya: “Kuanzia saa 9 hadi saa 11 jioni. Kutakuwa na vitafunio, matunda na keki.” Mzazi akisoma hivyo atamlisha mwanawe kabla ya kumleta, na hakuna atakayetazamia wali. Usiache kuandika saa ya kumaliza. Saa 2 zinawatosha watoto wa umri huo, na ndio muda uleule ambao chakula kinaweza kukaa mezani bila hatari.

Ulichokiona kwenye ile sherehe ndivyo watoto walivyo. Mtoto wa miaka 5 akiwa na wenzake hatulii kula. Anapita mezani, anachukua kipande, anatafuna mara mbili, anasikia anaitwa, anakiacha ukingoni mwa meza kikiwa na alama za meno, anaondoka. Sahani ya wali inamtaka akae, ashike kijiko na asimwage. Kwa hiyo kila utakachoandaa kishikike kwa vidole na kiishe kwa kung’atwa mara mbili tatu. Kwa watoto 18 nakushauri vitu vitatu na keki: vibonge vya nyama, sandwichi na matunda. Ukiongeza cha nne utakuwa unaongeza vyombo vya kuosha tu.

Vibonge vya nyama ndivyo vitakavyomtuliza hata wifi, kwa kuwa ni chakula cha kweli. Chukua kilo 1 ya nyama ya kusaga. Loweka slesi 2 za mkate kwenye nusu kikombe cha maziwa mpaka zilainike kabisa, kisha ziponde kwa uma ziwe kama uji mzito. Mkate huo ndio unaofanya kibonge kibaki laini hata kikipoa, na watoto hukikula kikiwa kimepoa. Changanya na nyama, yai 1, kitunguu 1 kilichokunwa na kukamuliwa maji, na chumvi kijiko 1 na nusu cha chai. Pilipili iache. Lowesha viganja ili nyama isigande mikononi, finyanga vibonge vya gramu 20 hivi, upana wa sarafu kubwa. Utapata karibu 60, yaani vitatu kwa kila mtoto na vichache vya akiba. Fanya hayo Ijumaa usiku, vipange kwenye trei, vifunike, viweke rafu ya chini kabisa ya friji ili majimaji ya nyama mbichi yasidondokee kitu kingine. Jumamosi, wageni wakianza kuingia, viingize kwenye oveni yenye moto wa nyuzi 200 kwa dakika 15 hivi. Pasua kimoja kikubwa katikati: kisiwe na wekundu wowote, na maji yake yawe meupe. Kwa wale wa miaka 3, kata kila kibonge vipande vinne kabla hakijafika mezani.

Sandwichi zina siri moja tu, nayo ni siagi kufika hadi ukingo wa mkate. Mafuta yake huzuia unyevu wa kilichomo ndani usipenye, na mkate haulowi. Tumia mkate laini wa slesi. Mikate 2 ya kawaida inatoa sandwichi 16, na ukikata kila moja mara nne unapata vipande 64. Nusu yake jaza mayai: chemsha 8 Ijumaa usiku kwa dakika 10, yaache na maganda yake kwenye friji, asubuhi yamenye, yaponde na mayonezi ya dukani kidogo na chumvi. Nusu nyingine weka jibini. Nyanya na tango usizitie ndani kwa sababu zinatoa maji, nawe unatengeneza saa kadhaa kabla. Zipange kwenye trei, zifunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa, uzirudishe kwenye friji. Pembe hazitakauka. Ukingo wa mkate sikuambii ukate, ni kazi ya bure, ingawa wapo watakaouacha.

Matunda yakate Jumamosi asubuhi, baada ya kuosha maganda hata ya yale utakayoyamenya, maana kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani. Tikiti maji lililokatwa vijiti virefu lenye ganda lake kama mshikio ndilo huisha kwanza siku zote. Machungwa yakate robo. Tufaha likikatwa hugeuka kahawia kwa sababu ya kimeng’enya kinachokutana na hewa, na asidi ya limao hukizuia, kwa hiyo yapitishe kwenye maji yaliyokamuliwa limao. Kwa wadogo, tufaha bichi, kwa kuwa ni gumu, likate vipande vyembamba sana au uliache, uwape ndizi. Usichome matunda kwenye vijiti vyenye ncha. Watoto watakimbia navyo.

Hapa nisimame kidogo, mwanangu, kwa kuwa una watoto wa miaka 3 na wa miaka 8 kwenye meza moja. Chakula cha duara au kigumu ndicho huwapalia watoto wadogo: zabibu nzima, soseji iliyokatwa miviringo, pipi ngumu, njugu, bisi. Zabibu ni laini, lakini ukubwa wake unalingana na njia ya hewa ya mtoto na inaiziba barabara. Ukizitaka, kata kila moja kwa urefu mara nne. Soseji nayo ipasue kwa urefu kwanza, ndipo ukate vipande vidogo. Bisi najua ni rahisi na watu wote huzipenda, ila hazifai kwa watoto chini ya miaka 4, na kwenye meza ya wote huwezi kumzuia wa miaka 3 asitie mkono. Kwa sherehe yako ziache. Na watoto wale wakiwa wamekaa. Tandika mkeka au shuka sakafuni, wanawe mikono kwa sabuni, wakae, wale dakika 15, ndipo wainuke. Mtoto anayekimbia huku anatafuna ndiye anayepaliwa. Jifunze pia leo, wala usingoje siku yenyewe: mtoto aliyezidi mwaka 1 akipaliwa na kushindwa kukohoa au kutoa sauti, mwinamishe mbele na umpige kwa kitako cha kiganja mara 5 katikati ya mabega. Isipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu na uvute kwa nguvu kuelekea ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu, huku mtu mwingine akipiga simu ya dharura.

Kuhusu rafiki wa mwanao, umefanya vyema kuona haya. Mwalike. Njia rahisi kuliko zote ni karanga zisiingie kabisa nyumbani mwako siku hiyo. Usimtengee sahani yake peke yake, kwa sababu watoto hupokezana vyakula, na kijiko kilichogusa siagi ya karanga kikiingia kwenye bakuli jingine tayari ni hatari. Soma maandishi ya pakiti zote: biskuti, chokoleti, mapambo ya keki, hata mkate. Penye maneno kwamba bidhaa inaweza kuwa na chembe za karanga, usinunue. Pakiti hizo zitunze ili mama yake azisome mwenyewe akifika. Atashukuru kuliko unavyodhani, kwani wazazi wa watoto hawa huogopa hata kuuliza. Wazazi wengine waambie kwenye ujumbe uleule wasilete vitafunio. Waulize pia kama kuna mwenye aleji nyingine, maana mayai, maziwa na ngano, ambavyo tumevijaza mezani, navyo huwadhuru baadhi ya watoto.

Mwombe mama huyo abaki, au akuachie dawa ya mtoto na akuonyeshe inavyotumika. Dalili za kuangalia ni midomo au kope kuvimba, vipele vya kuwasha mwilini, kutapika ghafla, kukohoa mfululizo, sauti kubadilika, kupumua kwa shida. Pumzi ikiguswa, au mtoto akilegea, hapo ni sindano ya adrenalini, yaani ile dawa yake ya dharura, pajani bila kusubiri, kisha simu ya dharura. Mtoto asisimamishwe wala kutembezwa. Alazwe, na kama anahema kwa shida akalishwe.

Keki oka Ijumaa usiku. Ukiona umechoka sana, nunua, na wala usijisikie vibaya. Ila kama unapenda kuoka, hii haikosei: siagi gramu 225, sukari gramu 225, unga wa ngano gramu 225, mayai 4 na bekingi poda vijiko 2 vya chai. Siagi iwe laini kabla hujaanza. Piga siagi na sukari hadi viwe vyeupe, ongeza mayai moja moja, malizia na unga uliochanganywa na bekingi poda. Mimina kwenye trei ya sentimita 30 kwa 23, oka kwa nyuzi 180 dakika 35 hadi 40, mpaka kijiti kitoke kikavu. Nachagua trei badala ya chombo cha duara kwa sababu ya kukata: mistari minne kwa sita, vipande 24 vilivyo sawa, na hakuna mtoto atakayelia kwamba cha mwenzake ni kikubwa. Iache ipoe kabisa usiku kucha. Asubuhi paka siagi gramu 150 iliyopigwa na sukari laini ya unga gramu 300. Ukiipaka ikiwa na moto, yote itayeyuka na kutiririka pembeni.

Sasa vinywaji, ambavyo wazazi wengi hukosea kiasi. Mtoto anayecheza hunywa kuliko anavyokula, kwa hiyo weka hesabu ya nusu lita kwa kila mmoja, yaani lita 9 kwa wote. Lita 6 kati ya hizo ziwe maji safi ya kunywa, yaliyopozwa, kwenye majagi wanayoyaona. Lita 3 ziwe juisi ya machungwa uliyoikamua na kuichanganya na maji nusu kwa nusu, na limao 1 lenye maji ya kutosha. Andika jina la kila mtoto kwenye kikombe chake, la sivyo kila akipata kiu atachukua kipya. Usijaze zaidi ya nusu kikombe, hapo utapiga deki mara chache.

Soda nyekundu ya mwanao mpe. Ni siku yake, na ukimkatalia atakumbuka hilo. Iwe kikombe kimoja kidogo kwa kila mtoto, pamoja na keki, mwishoni. Ikianza mapema hawatagusa maji wala nyama. Nakuambia kikombe kidogo kwa sababu kopo moja la kola la mililita 330 lina takriban gramu 35 za sukari, wakati Chama cha Moyo cha Marekani tangu 2016 kinashauri mtoto wa miaka 2 hadi 18 asizidishe gramu 25 za sukari iliyoongezwa kwa siku nzima. Na soda za kola usiwape wadogo hao kabisa, zina kafeini.

Ila hofu ya wazimu iondoe. Mwaka 1994 watafiti waliwaambia akina mama fulani kwamba watoto wao wamepewa sukari nyingi, ilhali hawakupewa hata chembe. Akina mama hao waliwaona watoto wao wamechachamaa kuliko walivyoona wenzao walioambiwa ukweli. Mwaka uliofuata majaribio 23 yalikusanywa na kuchambuliwa pamoja, na haikuonekana kwamba sukari hubadilisha tabia ya watoto. Kinachowapandisha ni sherehe yenyewe: wenzao wengi, mapulizo, kelele na zawadi. Sababu ya kupunguza soda ni meno na hamu ya kula, na hizo zinatosha.

Jumamosi yenyewe waache wacheze kwanza dakika 40. Kisha mikono, kukaa, chakula. Toa nusu tu ya sandwichi na matunda, nusu ibaki kwenye friji, na utoe nyingine ukiona trei imebaki tupu. Shirika la Afya Duniani linataka chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 nje, maana kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huzaliana kwa kasi. Kama siku ina joto kali, la kuzidi nyuzi 32, hesabu saa 1. Ukitoa kwa awamu, kitakachobaki kwenye friji ni chakula kizima cha kesho. Kilichoshikwashikwa mezani kitupe. Saa 10 na nusu zima taa, imbeni, kata keki, mimina soda. Saa 11 wazazi wanafika.

Na wifi yako mpigie simu leo, usingoje akusikie kwa watu. Mwambie: “Dada, watoto wanakuja saa 9 wakiwa wameshakula, kwa hiyo nitawapa vitafunio. Naomba uje mapema unisaidie, sina ninayemwamini jikoni kama wewe.” Mkabidhi oveni na majagi, umtaje kwa kazi hiyo mbele ya wote, ili wewe ukae sakafuni na mwanao. Hoja yake ya kutomwaibisha kaka yake usiibishie. Baada ya saa 11, watoto wa watu wakishaondoka, ndugu watakuwa bado wapo, na hao ni watu wazima wenye njaa. Mwombe apike huo wali na mchuzi wake kwa ajili yao, sufuria moja, kwake au kwako, uliwe saa 1 usiku.